Muhtasari wa mkutano usiofanyika: kisa cha alalili ya vijiji viwili vya wafugaji

Kisa hiki ni cha nyika za kaskazini mwa Tanzania. Majina ya watu, vijiji na wilaya nimeyaondoa, na mambo machache ambayo yangemtambulisha mtu nimeyabadilisha. Nilikuwepo kama mwezeshaji kutoka shirika dogo linalosaidia vijiji katika masuala ya ardhi. Nawaandikia wenzangu wa kazi hii, watendaji na wenyeviti wa vijiji, na vijana wa kifugaji waliokwenda shule, ambao siku hizi ndio wanaoitwa na wazee wao kuja kusoma barua.

Mahali na watu

Vijiji vyenyewe nitaviita Kijiji cha Juu na Kijiji cha Chini. Wakazi wengi ni Wamaasai. Katikati yao kuna uwanda wa migunga, korongo linalopitisha maji masika tu, na sehemu yenye udongo wa chumvi ambao ng'ombe huulamba. Uwanda huo ndio alalili yao, yaani malisho ya akiba. Mvua zikianza hufungwa, mifugo hupelekwa mbali, na nyasi huachwa zikue. Kiangazi kikikaza hufunguliwa, na wanaotangulia kuingia ni ndama, ng'ombe wanaonyonyesha na walio dhaifu. Siku ya kufungua hutangazwa na malaigwanani, viongozi wa mila, baada ya wazee kukaa na kupatana.

Laigwanani huchaguliwa na rika lake angali kijana, hukabidhiwa rungu jeusi, na hubaki msemaji wa rika hilo maisha yake yote. Si chifu. Tanganyika ilifuta uchifu mwaka 1963, na hata kabla ya hapo laigwanani hakuwa mtawala wa aina ile iliyotumiwa na wakoloni. Anaposema watu husikia, lakini sahihi yake haihitajiki kwenye hati yoyote ya ardhi.

Pembezoni mwa uwanda zinaishi kaya chache za warina asali na wawindaji. Walikuwepo kabla ya ng'ombe kufika. Wanazungumza Kimaasai kwa majirani, na wazee wao bado wana lugha yao wenyewe. Majirani wanawaita Ndorobo, jina ambalo asili yake ni kumwita mtu fukara asiye na mifugo, kwa hiyo hapa sitalitumia tena.

Sheria inavyosema

Vijiji vya sasa ni matokeo ya miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, ambayo kwa Wamaasai ilijulikana kama Operesheni Imparnati. Leo msingi ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999. Halmashauri ya kijiji husimamia ardhi kama mdhamini wa wanakijiji, na kifungu cha 8(5) kinaikataza kugawa ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Mkutano mkuu ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18, awe mwanamume au mwanamke, mwenye ng'ombe mia au asiye na kuku.

Palipo na hatari ni kwenye sheria pacha, Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka huohuo. Tafsiri yake ya ardhi ya jumla inaingiza pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sasa fikiria alalili mwezi wa Aprili: nyasi zinafika kiunoni, hakuna boma, hakuna ng'ombe hata mmoja. Kwa mfugaji hiyo ni akiba inayolindwa kwa nidhamu kubwa. Ofisa aliyepita na gari anaandika "eneo wazi".

Kuhusu haki za jamii za asili, Tanzania ilipiga kura ya ndiyo Azimio la Umoja wa Mataifa lilipopitishwa tarehe 13 Septemba 2007, lakini msimamo wa serikali umekuwa kwamba Watanzania wote ni wenyeji wa asili. Kwa hiyo ukiingia ofisi ya wilaya na azimio mkononi utasikilizwa kwa heshima na utarudi kama ulivyokwenda. Faili linalotembea ni lile la sheria ya vijiji.

Mambo yalivyokwenda

Mwisho wa kiangazi cha mwaka wa kwanza, mfanyabiashara wa mjini alifika Kijiji cha Chini kuomba mahali pa kulima. Mwenyekiti alimwendea laigwanani mkubwa, akamweleza kuwa mgeni anakodi msimu mmoja tu, na ada yake itamalizia darasa la shule lililokuwa limesimama kwenye lenta. Mzee alikubali kwa mdomo. Kwa desturi yake neno lile lilikuwa na mpaka: mgeni ameazimwa mahali, hakupewa. Hakuna aliyeandika chochote mbele yake.

Msimu wa pili trekta zilirudi tatu, na shamba likavuka korongo na kuingia katikati ya alalili. Msimamizi alipoulizwa alitoa nakala ya muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, wenye mhuri, unaosema mwajiri wake amegawiwa eneo lile. Habari zilifika Kijiji cha Juu jioni ileile. Alfajiri ya siku ya pili vijana wapatao arobaini wa rika la morani walikuwa wamesimama mbele ya trekta, wana fimbo na sime, na mmoja ana galoni ya dizeli.

Laigwanani alifika kwa pikipiki, amepakiwa na mjukuu wake. Alishuka taratibu, hakwenda kwa msimamizi wala kwa dereva. Aliinama, akang'oa nyasi kiganja kizima, akazinyanyua juu na kusimama hivyo bila kusema neno, udongo ukimdondokea kwenye lubega. Kwa Mmaasai aliyeshika nyasi haguswi, na mbele yake hapigani mtu. Kijana mwenye galoni aliitua chini. Mzee ndipo aliposema, kwa sauti ambayo mimi niliyekuwa hatua kumi tu niliisikia kwa shida, kwamba trekta likiungua leo, kesho watakaolala mahabusu ni wana wetu na shamba litabaki la mgeni.

Baada ya hapo tuliitwa. Siku tatu baadaye tulikaa katika ofisi ya mtendaji wa Kijiji cha Chini. Alikuwa mgeni pale, aliyemtangulia amehamishwa. Alifungua kabati la chuma, akatoa daftari la mihutasari, akasema, "Wazee wangu, mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari lenyewe ndilo hili, litazameni."

Muhtasari ulikuwemo. Ajenda zilikuwa nne: kufungua mkutano, mapato na matumizi, ujenzi wa darasa, na mengineyo. Ardhi iligawiwa chini ya mengineyo, kwa mistari mitatu. Orodha ya mahudhurio ilikuwa na majina mengi, yote kwa mwandiko mmoja na kalamu moja. Mama mmoja aliyekuja na mumewe aliomba asomewe majina yote. Tulipofika katikati alimzuia msomaji kwa mkono. Jina lililosomwa lilikuwa la baba yake, aliyezikwa masika mbili kabla ya tarehe ya mkutano.

Mjukuu wa laigwanani, yule wa pikipiki, naye alikuwa akiitazama ile tarehe. Alitoka nje, akapiga simu, akarudi. Siku ile ilikuwa ya mnada wa kata ya jirani. Wanaume wa vijiji hivi hawabaki nyumbani siku ya mnada, na wanaume wanne waliokuwa kwenye orodha ya mahudhurio walikuwa na stakabadhi za kuuza mifugo zenye tarehe hiyohiyo.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Wapo waliotaka twende mahakamani mara moja. Tulijadili kutwa nzima. Tuliamua turudi kwanza kwenye mkutano mkuu wenyewe, kwa kuwa mkutano ndio uliodaiwa kugawa ardhi, na mkutano ndio unaoweza kusema haukugawa. Kesi ingechukua misimu mingapi, hakuna aliyeweza kutuambia, na kila msimu shamba lingesogea.

Uamuzi wa pili ulitoka kwa laigwanani: kabla ya mkutano mkuu kuwe na engigwana, kikao cha mila cha vijiji vyote viwili. Mtendaji alisita, akiogopa kuonekana ameipa mila nafasi ya serikali. Mzee alimjibu, "Mwanangu, watu wakija kwenye mkutano wako hawajapatana, utaandika ugomvi wao." Engigwana ilikaa siku mbili chini ya mgunga. Siku ya kwanza yote ilikwenda kwa lawama juu ya laigwanani mwenyewe: kwa nini alikubali peke yake? Alikiri kosa mbele ya rika lake na marika yaliyo chini yake, akatoa dume la mbuzi la kusuluhisha. Sijawahi kuona kiongozi wa ofisi yoyote akihojiwa kwa ukali ule na kujibu kwa unyenyekevu ule.

Mkutano mkuu ulifanyika baada ya tangazo la siku kumi na nne, tarehe iliyochaguliwa makusudi isigongane na mnada. Mahudhurio yalisainiwa mtu mwenyewe, wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Mwenyekiti alisimama akaeleza alivyobanwa na michango ya darasa, akasema muhtasari uliandikwa ofisini. Wakazi walipiga kura kuwa mkutano ule haukuwahi kufanyika. Hawakumwondoa. Wengi walihisi, na mimi nilikubaliana nao, kwamba mwenyekiti aliyebaki akirekebisha alikuwa na faida kuliko aliyefukuzwa akawa shahidi wa upande wa pili.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa huruma na ulitugharimu. Mbele ya uongozi wa wilaya, mfanyabiashara alikubali kuondoka, nasi tukakubali aondoke "baada ya mavuno". Mazao yalikuwa yameota, na vibarua wa palizi walikuwa vijana wa hapohapo. Tatizo ni kwamba alikuwa amechanganya mahindi na mbaazi. Mahindi yaliisha Julai. Mbaazi ziliendelea kusimama hadi Septemba, na huo ndio wakati alalili inapohitajika kuliko wakati wowote. Ndama hawakuingia upande ule, na kaya kadhaa zilipoteza wanyama. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza zao gani.

Uamuzi wa nne ulihusu hati. Kijiji kimoja hakiwezi kutoa hatimiliki ya kimila juu ya ardhi iliyo upande wa kijiji kingine. Kwa hiyo vijiji viliandikiana makubaliano ya matumizi ya pamoja chini ya kifungu cha 11 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, vikaandaa mpango wa matumizi ya ardhi, kisha kila kimoja kikatoa hati upande wake kwa kikundi kilekile cha wafugaji. Mfano tuliokuwa nao ni wa Wahadzabe wa bonde la Yaeda, ambao mwaka 2011 walipata hatimiliki ya kimila ya pamoja, ya kwanza ya aina yake nchini. Tuliusimulia kwenye engigwana, na mzee mmoja akauliza mara mbili kama ni kweli Wahadzabe wana hati na Wamaasai hawana.

Matokeo

Kazi ilichukua zaidi ya miaka miwili tangu asubuhi ya zile nyasi. Mipaka ilitembewa kwa miguu, wazee wakitangulia na mpima na kifaa chake nyuma. Ramani ilibandikwa, hati zikasainiwa na wenyeviti, watendaji na kikundi, kisha zikasajiliwa na ofisa ardhi wa wilaya. Alalili ikapata sheria ndogo zake: tarehe ya kufunga na kufungua hutangazwa na malaigwanani na kuandikwa na mtendaji, na faini huingia akaunti ya kijiji. Mfanyabiashara hakurudi.

Kamba moja ya ardhi kandokando ya barabara haikurudi malishoni. Ilikuwa imeshalimwa na wakazi wenyewe walioiga trekta, wakiwemo jamaa wa malaigwanani, na hakuna aliyekuwa na uso wa kuwaondoa.

Nakala za hati na ramani ziliwekwa sehemu nne: ofisi za vijiji viwili, wilayani, na nyumbani kwa katibu wa kikundi, ambaye ni yule mjukuu. Mwanzoni tuligundua kuwa Kijiji cha Chini kilikuwa na cheti cha ardhi ya kijiji siku zote, ila hakuna mkazi aliyewahi kukiona. Kilikuwa wilayani, kwenye bahasha.

Uchambuzi

Kilichozuia damu ni mamlaka ya mila, na hakuna ofisi iliyoweza kufika pale alfajiri ile. Kilichorudisha ardhi ni karatasi: stakabadhi za mnada, orodha ya majina, tangazo la siku kumi na nne. Naona wenzangu wengi wakiegemea upande mmoja. Wapo wanaotaka wazee waheshimiwe na kila kitu kitanyooka, na wapo wanaoendesha semina za sheria kwa wenyeviti huku laigwanani ameketi nje kivulini akisubiri chai. Katika kisa hiki mlango ulifunguka pale palipokuwa na pengo baina ya wawili hao. Mwenyekiti alichukua neno la mdomo la mzee, akaligeuza kuwa maandishi ambayo mzee hangeweza kuyasoma. Kwa hiyo tangu wakati huo nasisitiza jambo moja dogo: laigwanani akiridhia chochote kuhusu ardhi, mtu wa kumwamini amsomee kwa Kimaasai kilichoandikwa, kabla mhuri haujagonga.

Engigwana ilifaa kwa sababu ilitangulia. Ingekuja baada ya mkutano mkuu ingekuwa mahakama ya rufaa, na mtendaji angekuwa na haki ya kuikataa. Na ilifaa pia kwa sababu laigwanani alihojiwa. Watu wa nje huwa tunachukulia kwamba mila ni mzee mmoja anayesema na wengine wanaoitikia. Nilichokiona chini ya mgunga ni kinyume chake: kosa la mzee lilikuwa hasa kuikiuka mila kwa kuamua bila kukaa na wenzake.

Wanawake ni sehemu tuliyoshindwa kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Kwenye engigwana waliketi kando. Rasimu ya kwanza ya orodha ya kikundi ilikuwa na wanaume watupu, nasi tuliichapa hivyohivyo. Ni yule mama aliyesikia jina la marehemu baba yake aliyesimama kwenye mkutano mkuu na kusema, "Ndama ninawakamulia mimi, maji nafuata mimi, na siku mlipopanga majina mlikuwa mnakunywa maziwa yangu." Orodha ilirudishwa. Kifungu cha 20 cha sheria hiyo ya vijiji kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi, na tungeweza kukitaja tangu siku ya kwanza. Tulinyamaza tukiogopa kuwaudhi wazee, na wazee wenyewe, aliposema, hawakuudhika.

Kosa lililo zito zaidi ni la warina asali. Hatukuwaita kwenye engigwana. Malaigwanani walisema wanawasemea, nasi tukaandika "jamii zote zimewakilishwa". Ramani ilipobandikwa kwenye ukuta wa ofisi, mzee mmoja wao alikuja siku ambayo hapakuwa na mkutano. Aliisimamia kitambo, kisha akaweka kidole kwenye sehemu ya kijani, akakisogeza, akakiweka tena, akakisogeza. Kila alipogusa palikuwa na mbuyu wenye nyuki, na kila mbuyu una mwenyewe aliyeurithi. Yote ilikuwa ndani ya alalili, ambamo sheria ndogo tulizoandika zinakataza moto na kulala kuanzia kiangazi. Bila moshi hurini. Bila kulala hufiki kwenye mbuyu wa mbali.

Tuliyekuwa tukimtetea dhidi ya mgeni mwenye trekta, tulikuwa tumemsaidia kumfanyia jirani yake jambo linalofanana nalo. Nimelifikiria sana hilo. Wafugaji wale wananyimwa ardhi kwa kuambiwa haitumiki, kwa sababu matumizi yao hayaachi jengo wala tuta. Mrina asali anaacha alama ndogo zaidi: mambo, yaani vigingi vya kupandia, kwenye gome la mbuyu, na jivu. Macho yetu yalizoea kutafuta kwato, hayakuona mambo.

Sheria ndogo zilirekebishwa, na mjadala ulikuwa mgumu kuliko ule wa mfanyabiashara. Sasa warina asali wanaruhusiwa kuingia, kulala na kuwasha moshi kwa taarifa kwa kamati, na mibuyu ishirini na tatu imeandikwa kwa majina ya koo. Walichoomba ni zaidi ya ruhusa. Wanataka hati yao wenyewe, kipande kwa kipande kuzunguka mibuyu na chemchemi moja, kama Wahadzabe. Malaigwanani wawili wanaunga mkono, mmoja anapinga. Halmashauri ya Kijiji cha Juu imelipokea ombi na kulipangia mkutano mkuu ujao. Safari hii ni ajenda ya pili, yenye kichwa chake, na mzee wa kidole ameomba aketi karibu na anayeandika.